Udongo Mwekundu wa Mama Rosa

Jua la saa moja linapanda Nyakitonto, na Maximilla Hatungimana, Mama Rosa kwa majirani, anakamua kiganjani udongo mwekundu uliochanganywa na kutu na unga wa mbao. Usidondoshe maji, usipukutike. Ukikubali, anaujaza ndani ya sanduku la bati kando ya tanuri.

Leo ndiyo leo. Mwenyekiti wa kijiji, Athuman Abbasi, ameapa: mashine ya kusaga anayoiendesha Maximilla ikinuka tena, anaifunga. Wanawake watarudi kutembea maili tisa hadi Kasulu, debe kichwani.

Tangu dizeli ipande bei mwaka juzi, mashine hii inakula gesi. Makaa ya mawe huunguzwa tanurini kwa hewa kidogo ya kubania, gesi ikapita bombani mpaka kwenye injini. Ila makaa yale yana salfa. Gesi ilinuka mayai viza, moshi ukachoma makoo. Watoto wa Zuleha, jirani wa Maximilla, walikohoa wiki nzima.

Maximilla, mjane wa miaka arobaini na mmoja, aliishia darasa la pili. Kwanza aliipitisha gesi majini. "Maji yakashika majivu, harufu ikanicheka," anasema.

Kisha akagundua kwamba gesi iliyopita kwenye pipa lenye kutu hainuki kama iliyopita kwenye pipa jipya. Marehemu baba yake alikuwa mhunzi, akiyeyusha chuma cha udongo wa huku huku. "Nikasema, kutu na udongo huu ni ndugu. Wote chuma." Ndipo akaamua gesi ipite kwanza kwenye sanduku la udongo huo, chuma kinase salfa.

Mwenyekiti anafika, leso puani, anasalimu kwa lugha ya huku.

"Mwakeye, Mama Rosa. Leo unatupikia nini?"

"Mwakeye, Ndugu Mwenyekiti. Shusha leso, usije ukakosa ushahidi."

Watu wanaangua kicheko. Maximilla anafungua koki, gesi inapuliza waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa. Salfa ikibaki, shaba huwa nyeusi; juzi waya uligeuka kabla debe moja halijasagwa.

Injini inakohoa, inashika. Gunia la kwanza linakwisha. La pili. Waya ungali unang'aa.

Athuman anashusha leso, ananusa huku na huku. "Nasikia mahindi tu," anasema. "Saga, mama."

Anayetangulia kupiga vigelegele ni Zuleha, yule yule aliyepeleka malalamiko.

Tangu siku hiyo, udongo ukichoka, Maximilla huuanika upigwe na hewa, urudi kazini. Sasa anataka sanduku la pili, moja likipumzika jingine lifanye kazi. Kijiji kimoja cha Muyama chenye mashine kama hii kimemwomba akiandikie maelekezo.

"Niandike?" Anakung'uta mikono. "Nitakwenda mwenyewe. Barua haina pua."