Mashimo ya Mama Waringa

"Seline, huyo jirani yako Mkikuyu anazika vitu," Milka alisema wakiwa bombani. "Kabla jua halijatoka. Macho yangu haya yamemwona. Mtu wa kuzika vitu karibu na milango ya watu, kwetu ni jajuok."

"Mchawi? Si jana ulikula sukuma yake ukaomba nyingine?"

"Nilikula bila kujua."

Seline alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Mwanawe Dishon, aliyeachishwa ziwa juzijuzi tu, alikuwa akilishwa sukuma hiyo kila siku. Tena maneno yalikuwa yamemfikia mwenye ploti, Mzee Obiero, naye ameapa kwamba Jumamosi atamtoa huyo mama hapo Nyalenda, yeye na mboga zake.

Ijumaa alfajiri Seline akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kujionea.

Alimkuta Mama Waringa amepiga magoti, karai kando. Karai lilijaa matumbo na magamba ya ngege, yale ambayo wanawake wanaopara samaki ufuoni humpa bure. Alichimba shimo la kina cha kiwiko katikati ya mistari, mbali na mashina, maana mbolea hiyo ikiwa mbichi huunguza mizizi. Akamimina, akanyunyiza majivu, akafukia, akashindilia kwa kisigino.

"Mbona mapema hivi, mama?"

"Nikingoja jua, mbwa wote wa Nyalenda watakuja kuniamkia."

Mbolea ya duka hakuijua, wala dawa. Akiona vidukari chini ya jani aliwasugua kwa kidole, polepole, kama mama anavyomfuta mtoto tongotongo. Alichuma majani ya chini tu, kilele akakiacha. Miche aliyoipanda mwaka wa sabini na moja ilikuwa imemfika kifuani, na huu ni wa sabini na tatu, bado inatoa. Seline, ambaye yake aliing'oa yote kwa pupa, alisimama akitazama mikono ile mpaka akasahau kilichomleta.

Kisha akakumbuka, akamwambia yote.

Mama Waringa akakaa chini kwenye udongo. "Kumbe ndiyo maana Obiero hakuitikia salamu yangu." Akapangusa majivu mikononi. "Mama Dishon, Kidholuo changu ni cha kununulia samaki tu. Kesho akija, simama hapa na mimi. Chimba shimo moja mbele yake kwa mkono wako, umwambie kwa lugha yenu ni nini kinachoingia humo."