Unga Mweupe Kwenye Mkebe wa Mzee

Nimekosa, ndugu zangu, na aliyelipia kosa langu siyo mimi. Naficha jina kwa sababu bado naishi mtaa mmoja na niliyemuumiza.

Mimi hupokea mizigo kwenye ofisi ya mabasi hapa Mkuyuni, Mwanza. Kati ya wateja wangu alikuwepo mzee, nimwite Kulwa, aliyekuwa akimtumia mwanawe tindikali ya kupimia dhahabu huko Geita. Dumu la tindikali hatupakii kabisa. Ila kichupa cha ukubwa wa kidole gumba tulikipokea bila kibali, mradi mwenyewe aseme ni nini na akifunge vizuri.

Na mzee alifunga kweli! Kichupa ndani ya mkebe, mkebe ndani ya boksi, boksi ndani ya mfuko, na kamba juu yake. Mimi nina roho ya kushuku tangu utotoni, hata nikikaribishwa chai naitazama kwanza. Nikaanza kujiuliza, kitu kidogo hivi, kufungwa kote huku kwa nini? Wenzangu ofisini walikuwa wakitania kwamba mzee anasafirisha dawa za mganga. Nikajisemea, lisemwalo lipo.

Siku moja alipoondoka nilijifungia stoo nikaufungua mzigo wake. Kichupa kilikuwepo, lakini kimezikwa kwenye unga mweupe uliojaa mkebe mzima. Kama siyo uchawi, basi ni dawa za kulevya, na aliyepokea ni mimi.

Ningeweza kumpigia mzee. Ningeweza kumwambia meneja. Badala yake niliumwaga ule unga chooni, nikarudisha kichupa, nikajazia gazeti, nikafunga kamba vilevile. Tena nikajiona mjanja, eti nimeliokoa basi.

Mzigo ukachukuliwa na Shija, konda wetu. Shija ni jirani yangu, ndiye aliyembeba mama yangu mgongoni siku alipoanguka kisimani. Kwa kuwa kifurushi kilikuwa kidogo, alikiweka pembeni ya kiti chake. Walipopita Usagara kikaanza kufuka moshi. Kichupa kilikuwa kimejigonga kwenye mkebe kikapasuka, na gazeti halikuzuia kitu. Shija akakinyakua akitupe dirishani abiria wasiungue, mfuko ukachanika, mfuniko wa mkebe ukafyatuka, tindikali ikammwagikia mkono wa kulia.

Vidole vyake havikunji tena. Ukonda ameuacha.

Meneja alituita. Mzee Kulwa alikuja, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, bila kumtazama.

"Marahaba. Binti yangu, mbona nasikia kulikuwa na gazeti? Unga wangu ulikwenda wapi?"

"Unga gani, mzee?"

"Magadi. Nayasaga mwenyewe. Chupa ikivunjika, yanainywa ile tindikali na kuiua makali. Sijawahi kusahau kuyaweka."

Magadi! Yale yale ninayotia kwenye maharage nyumbani kwangu.

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Nikanyamaza. Meneja hakumwamini, akaamua kwamba mzee ni mzembe, akampiga marufuku, na tangu siku hiyo ofisi haipokei tena hata kichupa. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akavaa kofia yake akaondoka. Nadhani anajua. Nikimwona sokoni napita njia nyingine, na wenzangu wakinong'ona ofisini nahisi wananisema mimi. Mwenye kushuku sasa naogopa kushukiwa, na naona aibu kuliko ninavyoweza kueleza.

Kibaya zaidi, Shija anamchukia yule mzee. Juzi alikuja kwetu, mama akawa anamchambulia sato kwa kuwa mwenyewe hawezi kutoa miiba. Akaniuliza, "Dada, wewe unaijua mizigo. Hivi yule mzee mimi nilimkosea nini?"

Nikamwambia ale, samaki anapoa.

Ndugu zangu, mkikuta mtu amekifunga kitu kuliko mnavyoona inafaa, muulizeni kwanza. Huenda anayelindwa ni wewe unayemshuku. Mimi sikuuliza, na nilipoulizwa sikujibu.

Majina nimeyabadilisha. Lakini Shija akisoma hapa atajijua kwa mkono wake, na atajua ni nani hasa aliyestahili kuchukiwa naye.