Mtu Aliyekwama Ukutani

Kabla hajawa mkalimani wa picha za video Chang'ombe, Yotham alikuwa mkalimani wa kanisa kijijini kwao, upande wa Mvumi. Mchungaji wao, Ambokile, alitoka Mbeya na Kigogo hakukijua, na wazee wa pale Kiswahili walikisikia kwa taabu. Basi mchungaji akisema neno moja, Yotham alisema robo saa. Mchungaji akitaja samaki, Yotham aliwapa ng'ombe, maana samaki pale nani angemsikitikia? Akitajwa mtu wa kale wa nchi za mbali, Yotham alimpa jina la mtu wa hapo hapo, na wazee wakageuza shingo kumtafuta kwenye mabenchi. Watu walilia, watu waliokoka. Mimi nasema hata mbuzi wawili waliokoka, na mmoja hakugusa tena shamba la mtu mpaka alipochinjwa.

Njaa ndiyo iliyomleta mjini. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye shuka na miti minne alifungua biashara. Masudi alifungua banda la video nyuma ya soko, akalizungushia magunia, akaweka deki moja na televisheni moja. Mimi Anjelina niliuza karanga mlangoni. Joto la mle ndani lilikuwa kali hivi kwamba siku moja niliingia na mahindi mabichi nikatoka na bisi. Picha zilikuwa za Kizungu na hakuna aliyezielewa, ndipo Masudi akamchukua Yotham asimame kando ya televisheni na fimbo, aeleze. Kizungu chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na mimi najua neno moja tu. Lakini alisoma nyuso za watu kama wengine wanavyosoma gazeti.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule nililijua nusu tu. Yotham alikuwa na kaka yake, Sila. Sila aliondoka mwaka wa themanini na sita kwenda machimbo ya dhahabu, akaahidi kurudi na mabati ya nyumba ya mama yao. Miaka miwili baadaye mchimbaji mmoja, Hassani, alimkuta Yotham stendi, akamwambia shimo liliporomoka, Sila yumo ndani, na wenye shimo walihamia jingine bila kumfukua. Yotham alilibeba neno hilo na hakulishusha popote. Mama yao, Paulina, aliyekaa Miyuji, alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba atakayemlilia mwanawe bila kaburi, huyo ndiye atakuwa amemwua. Kwa hiyo Yotham alinyamaza miaka mitano, na kila alipokwenda Miyuji aliulizwa kama kuna barua, akajibu bado.

Mwaka wa tisini na tatu ikaja ile picha ya maadui. Picha zote tulizozoea zilikuwa na steringi mmoja na maadui wengi, na kila mtoto alijua steringi hafi. Hii haikuwa na steringi. Mama mmoja hakimu alikwenda gerezani akawatoa watu watano wabaya kabisa, kila mmoja na uwezo wake wa ajabu, akawaambia waende wakamwue mfalme wa moshi anayemeza miji, nao watafutiwa vifungo. Yotham aliwapa majina kama alivyozoea. Mwanamke wa kutema moto akawa Joha, yule wa vitumbua wa uchochoroni kwetu. Jitu linalovimba likikasirika likawa Bwana Afya, na wauza chakula wote walishangilia lilipopigwa. Wa nne alikuwa mwembamba, mpole, anayepenya kuta kama upepo unavyopenya magunia.

Yotham alimwita Sila.

Kwa nini, hata yeye hakujua. Aliniambia baadaye kwamba mdomo ulitangulia.

Nimeiona picha ile mara arobaini, naweza kuisema uzuri na ubaya wake. Uzuri wake ni kwamba wale wabaya walikuwa watu. Joha wa moto aliogopa giza. Bwana Afya alikuwa na mtoto aliyekataa kumwamkia. Steringi wa picha nyingine hata hajulikani kama ana mama, lakini hawa ungeweza kuwakuta kisimani. Tena kwa kuwa wote ni maadui, hujui nani atakufa, na moyo unakaa mkononi. Ubaya wake wa kwanza ni mapigano mengi mno mwishoni, moshi na moto mpaka macho yanauma na huoni nani kampiga nani. Hilo linasameheka. Ubaya wake mkubwa ni ukuta.

Wanaingia ngome ya mfalme wa moshi. Sila anapenya ukuta wa kwanza, wa pili, na katika wa tatu mfalme anapuliza, ukuta unakaza, Sila anabaki ndani. Mkono tu uko nje. Vidole vinachezacheza. Wenzake wanautazama, hakimu anawaita kwenye redio, wanaondoka. Basi. Picha inaendelea saa nzima, wanashinda, wanakula, wanacheka, na hakuna hata mmoja anayemtaja. Hakuna aliyerudi kumtoa, wala aliyemlilia. Wametumia fedha za kujengea daraja kutengeneza moto wa uongo, wakakosa dakika mbili za msiba.

Usiku ule nilivuta kitanda changu katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne, na bado nilisikia kitu kikikuna udongo. Mtaa mzima ulivuta vitanda. Joha aliniapia kwamba kwake vidole vitatu vilitokeza vikarudi, na mimi, kwa kuwa sipendi kupitwa, nikasema kwangu vilikuwa saba.

Siku ya pili watu walimuuliza Yotham kama yule mtu alitolewa. Hapo ndipo alipokosea, kosa la mkalimani wa kanisa asiyeweza kuacha watu na huzuni. Akaanza kuongeza. Televisheni ilionyesha wengine wakipigana, yeye alisema kwamba Sila bado yu hai ukutani, anawasikia, anahesabu hatua zao. Kesho yake Sila akawa anazungumza. Alitaka maji. Alisema ndani ya ukuta kuna baridi na kuna wengine. Yotham alibadilisha sauti akisema maneno hayo, na Masudi, ambaye hakuwahi kuogopa kitu isipokuwa umeme kukatika, alianza kukaa nje na mimi. Akaniambia, "Bibi, ile sauti si ya Yotham." Nikamwambia ale karanga.

Mimi ndiye niliyeharibu. Jumapili moja nilikwenda Miyuji kumwona Paulina, tumejuana tangu usichana, na kwa ulimi wangu huu usio na mlango nikamtania kwamba mwanawe Sila kaonekana kwenye televisheni ya Masudi, kawa mtu mkubwa, anapenya kuta. Nilidhani atacheka. Alifunga kanga yake ya pili akaniuliza ni njia ipi.

Tulifika katikati ya picha. Paulina hakuwa ameona video maishani mwake. Alisimama mlangoni na mwanga nyuma yake, na watu wa mabenchi ya nyuma walipomwona wakampisha. Yotham hakumwona. Alikuwa ameufikia ukuta. Mkono ulikuwa nje, vidole vinacheza, naye anasema kwa ile sauti nyingine, "Mwambieni mama asinifungie mlango."

"Yotham," akaita Paulina.

Fimbo ikamponyoka. Masudi akaisimamisha deki, na ule mkono ukabaki palepale, unatetemeka kwenye kioo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikwenda mpaka mbele, akainama akautazama mkono kama mtu anayetazama nyama buchani. Kisha akamuuliza mwanawe kwa Kigogo, polepole, na wasiojua Kigogo walielewa vilevile, "Huyu wa ukutani amekufa?"

Nilimwona Yotham akitafuta neno la kubadilisha. Mtu aliyegeuza samaki kuwa ng'ombe hakupata kitu.

"Amekufa, mama."

"Lini?"

"Mwaka wa themanini na nane. Shimo liliporomoka. Hassani aliniambia stendi."

Paulina alikaa chini kwenye vumbi, mbele ya televisheni, akanyoosha miguu.

"Miaka mitano," akasema. "Kila jioni namwekea ugali wake pembeni, nafunika. Asubuhi bakuli jeupe, tupu. Nilijua anafika usiku, anaona haya kwa kukosa mabati, anakula anaondoka. Sasa niambie wewe uliyejua. Nimekuwa namlisha nani?"

Mimi nina uongo wa kila aina. Ningeweza kusema paka. Sikuthubutu.

Ndipo alipolia. Joha alikuwa mle ndani, akaanza naye, na wanawake wa sokoni wakaingia wakidhani kuna maiti, wakamlilia Sila kama alivyostahili. Masudi alizima televisheni. Matanga yalikaa Miyuji siku tatu, na waliokuja wengi walikuwa watu wa banda, waliomjua Sila kwa picha tu, na walimtaja kwa jina bila kukosea.

Siku ya tatu Yotham alipiga magoti mbele ya mama yake kuomba msamaha. Paulina alimtazama sana.

"Nitakusamehe," akasema, "lakini si mwaka huu. Mwaka huu sina nafasi."

Yotham aliacha ukalimani, wa video na wa kanisa. Akawa anasukuma mkokoteni wa maji. Kila Jumamosi alipeleka madumu mawili Miyuji, mama yake akayapokea mlangoni, akatazama nyuma ya bega lake kama kuna wa pili, akafunga. Mwaka ukapita, na mwingine. Wa tatu, Jumamosi moja ya kiangazi, alipofika alikuta mlango uko wazi na mama hayupo kizingitini. Akatua madumu, akabisha hodi.

"Karibu," Paulina akasema kutoka ndani. "Lakini ingia peke yako."

Yotham aliniambia kwamba hapo aligeuka kutazama nyuma yake. Alichokiona hakuniambia, na mimi, mara hiyo moja katika maisha yangu, sikumwongezea. Akaingia, akaurudisha mlango.