Bolti ya Upande wa Kulia

Willis Were alikuwa askari wa wanyamapori katika kituo kidogo kando ya msitu wa Kakamega. Kuwinda kulipigwa marufuku zamani, lakini nguruwe mwitu akishazoea kula mahindi ya watu na kuwavizia wanawake kwenye njia ya mtoni, ofisi hutuma mtu mwenye bunduki, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Were. Khayega, alikozaliwa na anakoishi mpaka leo, walimwita Bwana Nguruwe. Alijifanya hapendi jina hilo. Akipita sokoni na asilisikie, alirudi nyumbani amenuna.

Kisha akaletwa Nekoye, msichana wa Lugari, mtoto wa wakulima wa mahindi, ametoka mafunzoni karibuni. Were ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kusubiri mnyama ageuke ubavu, jinsi ya kutoa pumzi nusu na kuizuia, jinsi ya kuangalia kwanza kilicho nyuma ya mnyama, maana nyuma ya mnyama wa Kakamega daima kuna boma la mtu. Nekoye alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kula, kuandika na kulenga, na mwanzoni Were alijaribu kumbadilisha. Alipoona shabaha zake akaacha.

Mwaka wa kwanza alijivuna naye. Alimtembeza kama mtu anayetembeza ng'ombe wa gredi. Mambo yaligeuka siku moja Bukura, alipofika peke yake kwenye shamba lililoharibiwa, na mwenye shamba, badala ya kumkaribisha, akaangalia nyuma yake kwenye gari na kuuliza kama yule dada hakuja. Were alijibu kwamba dada ana kazi nyingine. Jibu lilikuwa la kawaida, lakini siku nzima alilirudia moyoni.

Tangu hapo akawa na sikio la kulisikia jina la Nekoye. Alilisikia kwenye simu za machifu, alilisikia kwa waendesha boda boda. Hata mkewe, Gentrix, alilileta nyumbani kutoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Baba Risper," Gentrix alimwambia wakiwa mezani, "wanasema msichana wenu alimwangusha dume kubwa kwa risasi moja."

"Siku hiyo hakukuwa na upepo," Were akasema. "Mtu yeyote angempata."

"Hata mimi?"

Were alisukuma sahani ya obusuma, ugali wa kwao, kando na kusema ameshiba.

Hakumchukia Nekoye, na hilo ndilo lililomchosha. Asubuhi msichana angemletea chai bila kuombwa, amsalimie kwa heshima, amuulize bega linaendeleaje, naye Were angejibu vizuri huku ndani akitamani siku hiyo msichana akose shabaha, mara moja tu, mbele ya watu.

Bega lenyewe lilikuwa limeharibiwa na bunduki kuukuu ya kituo, bunduki nzito iliyopiga teke kama punda. Daktari alimwambia akiendelea nayo mkono hautainuka tena. Mkuu wa kituo, Afande Jepkosgei, akakubali kwamba nguruwe mwitu hahitaji risasi kubwa vile. Akaomba bunduki nyepesi, inayotumia risasi ndogo isiyosukuma bega sana, na makao makuu yakamtumia mbili za kujaribu. Zote zilikula risasi ya aina moja. Ya kwanza ilikuwa ya bolti: ukishapiga, unaivuta bolti kwa mkono ganda litoke, unairudisha risasi nyingine iingie, ndipo upige tena. Ya pili ilijipakia yenyewe. Kazi yako ilikuwa kuvuta kifyatulio tu. Kituo kingepewa aina moja, na Afande Jepkosgei alitaka wapigaji wenyewe waseme ni ipi.

Walizijaribu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, asubuhi, baada ya mvua. Were alianza na ya bolti. Ilimgusa bega kidogo tu, kama mtu anayekuita kwa kidole, na moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ile ya kujipakia ilisukuma hata pungufu ya hapo, kwa maana nguvu nyingine ilipotelea kwenye mitambo yake, lakini ilikuwa nzito mkononi, na alipoilaza kwenye tope kwa makusudi kisha akaiokota, ilipiga mara mbili ikakwama.

Nekoye akashika ile ya kujipakia. Alipiga bila kutoa jicho kwenye darubini, risasi baada ya risasi, na matundu kwenye karatasi yakakaribiana hata ukaweza kuyafunika kwa kiganja. Akageuka na uso uliong'aa. Halafu akachukua ya bolti. Risasi ya kwanza ilikwenda palepale. Lakini mpini wa bolti ulikuwa upande wa kulia, kama bunduki nyingi zilivyo. Ilimbidi auondoe mkono wake wa kushoto kwenye kifyatulio, aurushe juu ya bunduki, avute, arudishe, kisha atafute shabaha upya. Alijicheka. Alisema anafanana na mtu anayejikuna mgongo.

Were hakucheka. Alikuwa ameona.

Afande Jepkosgei aliwauliza palepale. Nekoye alisema angependa ya kujipakia, ila Afande Were ana uzoefu, aanze yeye. Were akaongea kama mzee wa kazi. Alieleza habari za tope na majani ya miwa, akaeleza kwamba bunduki ya bolti husafishwa kwa kitambaa na mafuta kidogo, kwamba haikwami, kwamba ni nyepesi kwa mtu anayetembea kutwa. Alisema jambo kubwa zaidi: kwenye mashamba yenye watu, risasi ya pili haitakiwi kuja haraka, kwa sababu bolti humlazimisha mpigaji afikiri kabla ya kupiga tena. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakusema neno hata moja kuhusu mkono wa kushoto.

"Nekoye, utaiweza?" Afande Jepkosgei akauliza.

Nekoye alimtazama mwalimu wake kwanza. "Kama Afande Were anasema inafaa, nitaizoea."

Siku hiyo Were alikula vizuri, akaongeza mboga, na Gentrix akadhani bega limepona.

Bunduki mbili za bolti zikaja. Nekoye alifanya mazoezi kila alipopata nafasi, bila risasi, akirusha mkono juu na kuurudisha, juu na kuurudisha, mpaka askari wengine wakaanza kumtania. Were alimwangalia kupitia dirisha la ofisi. Kwa risasi ya kwanza bado Nekoye alikuwa bora kuliko yeye. Lakini sasa kulikuwa na kitu ambacho Were alikiweza na Nekoye hakukiweza, na Were alikishika kitu hicho kwa siri kama peremende mdomoni.

Msimu wa kukata miwa, wakaitwa upande wa Malava, kwenye shamba la mjane mmoja aitwaye Maximilla. Wakataji walikuwa wamekata shamba karibu lote, na kama ilivyo kawaida, kila kilichokuwa kimejificha kilikuwa kimesogea ndani ya kipande kilichobaki. Dume la nguruwe lilikuwa humo. Tayari lilikuwa limempasua mbwa wa mkataji mmoja, na watu wamekataa kuendelea na kazi.

Were alisimama upande wa juu, Nekoye upande wa chini karibu na mtaro. Wakataji wakaingia kwa mstari wakigonga mapanga na kupiga kelele. Dume likatoka upande wa Nekoye, likikimbia kichwa chini. Alipiga. Lakini wakati uleule lilikuwa likigeuka, na risasi ikaingia nyuma mno. Dume halikuanguka. Likamgeukia yeye.

Were aliona yote. Aliona mkono wa kushoto ukiinuka, ukivuka juu ya bunduki, ukivuta bolti, na jicho lake likitoka kwenye darubini kama ilivyobidi. Alikimbia, lakini Nekoye alikuwa katikati ya mtutu wake na mnyama, hakuweza kupiga. Mkono ulikuwa bado haujarudi kwenye kifyatulio dume lilipomfikia na kumchana paja kwa meno yake marefu. Alianguka mtaroni. Dume likampita, likaelekea kwa wakataji, na hapo likampa Were ubavu. Akapiga risasi moja. Likaanguka.

Wakataji walimjia mbio. Walimshika mabega, wakamwita Bwana Nguruwe, mmoja akaanzisha wimbo na wengine wakauitikia. Were alijisukuma kati yao mpaka akafika mtaroni. Damu ilikuwa imejaa kwenye buti la Nekoye. Alimfunga paja kwa mkanda wake, na Maximilla akaleta leso yake. Njia nzima kwenda hospitali mjini, Nekoye alikuwa akiukunja mkono wa kushoto kifuani na kuukunjua, tena na tena, macho kwenye paa la gari.

Habari zikaenea mpaka Ekero. Khayega walimnunulia Were soda, mchungaji akamtaja kanisani, na Gentrix akavaa gauni lake zuri Jumapili hiyo. Kila alichokuwa amekitamani alikipata katika wiki moja, na kila mtu alipoanza kusimulia kisa upya Were alijikuta akitafuta sababu ya kuondoka. Kila alipofumba macho aliuona ule mkono ukivuka juu ya bunduki.

Alikwenda hospitali na mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji, aliopikiwa na Gentrix. Nekoye alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa mpaka juu. Aliupokea mchuzi, akashukuru, akaonja. Kisha akaweka kijiko chini.

"Afande, ulijua itanichelewesha?"

Were alitaka kusema hakuna aliyeweza kujua. Alimwangalia, akaona swali lilikuwa limeshajibiwa.

"Nilijua."

"Na yale uliyosema ya tope na kukwama, yalikuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli yote."

"Hapo ndipo inaponiuma," Nekoye akasema. "Ungesema uongo ningekukasirikia vizuri."

Akamuuliza kwa nini. Were alikaa na kofia yake magotini, akiizungusha.

"Walikuwa wakikuita wewe," akasema.

Nekoye alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri sababu kubwa zaidi, na alipoona haiji, akageuza uso dirishani. Alisema kwamba kila shamba alilokwenda aliwaambia watu ametumwa na Were. Hakumfukuza. Alimrudishia bakuli na kumwomba amsalimie Mama Risper.

Kutoka hospitali Were hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Afande Jepkosgei na kumweleza kwamba bunduki ya bolti bado ndiyo inayofaa mashamba haya, ila zipo zinazotengenezwa na bolti upande wa kushoto, kwa watu kama Nekoye, na kwamba alilijua hilo siku ile machimboni akalinyamazia. Afande Jepkosgei alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alimwondolea kazi ya kufundisha, akamwambia bunduki itaagizwa, kisha akaendelea na simu iliyokuwa ikimsubiri.

Ilichukua muda kufika. Ilipofika, Nekoye alikuwa ameanza kutembea, akichechemea kidogo asubuhi za baridi. Alikwenda nayo machimboni na Were akafuata, ingawa hakuna aliyemwita. Nekoye alipiga, akavuta bolti kwa mkono uleule wa kushoto uliokuwa karibu nayo, akapiga tena, jicho likirudi kwenye darubini mara moja. Were aliomba kuijaribu. Mkono wake wa kulia ulipapasa upande usio na kitu, ukarudi, ukavuka juu, na bega likamwuma kwa kule kujipinda. Nekoye alikuwa pembeni akimtazama. Were alimrudishia bunduki yake.

Hawakurudia kuwa kama zamani. Chai ya asubuhi haikuletwa tena. Lakini walikwenda kazini pamoja, na siku moja kwenye mahindi ya watu fulani, Nekoye alimwambia asimame upande wa juu kwa sababu upepo unavuma kuelekea huko, naye akaenda akasimama.

Mwaka ujao Were anastaafu. Afande Jepkosgei alimwita juzi na kumuuliza, kati ya askari wote, nani anafaa kuwafundisha vijana wapya watakaoletwa. Were alifikiri majina mengine kwanza, akayapima moja moja, akitafuta hata moja litakalotosha. Halikupatikana. Akamtaja Nekoye. Alipofika nyumbani Gentrix alimuuliza kulikoni ofisini, akasema hakuna jambo, akachukua jembe na kwenda kupalilia maharagwe yake mpaka jua likazama.