Rais Aliyekuwa Fundi Cherehani

Baba alikulia Zaire, na Zaire ilimfundisha jambo moja: huombi kitu ofisini kabla hujamsifu mkubwa wa nchi. Kwa hiyo tulipoitwa Lilongwe, mama, yeye na mimi, kuhojiwa kuhusu safari ya kuhamia Marekani, hakuhangaika na maswali tutakayoulizwa. Alitaka rais wa kumsifu.

Nilimpata kwenye kitabu cha kuazima, rais wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Nilikuwa namsomea baba kibandani kwake, soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, yeye akikanyaga cherehani. Rais huyo alifiwa na baba akiwa mdogo, akawekwa kwa fundi wa nguo ajifunze kazi, akatoroka, na bosi wake akaahidi zawadi kwa atakayemkamata. Alipofungua duka lake, watu walimsomea vitabu akiwa anashona. Mkewe akamfundisha kuandika. Akawa meya, gavana, makamu wa rais, na rais alipouawa kwa risasi, kiti kikawa chake. Hapo baba aliacha kukanyaga.

"Fundi," alisema. "Fundi kabisa, kama mi."

Kurasa za mwisho nilizimaliza peke yangu, nikakata tamaa naye. Watumwa weusi walikuwa wameachiwa huru, na fundi wetu akakataa sheria ya kuwafanya raia. Aligombana na bunge mpaka akashtakiwa, akaponea kwa kura moja. Nilimwambia baba tutafute rais mwingine. Akasema mkubwa ni mkubwa, na kwamba mimi maofisi siyajui. Nilimkasirikia sana. Miaka yote ile ya kungoja, halafu aje kuiharibu kwa ukaidi.

Afisa aliyetuhoji alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi. Nikamminya baba mkono, hakunijali. Alisimama na suti aliyoishona mwenyewe, akamsifu yule rais tangu utoto hadi ikulu, mkalimani akihangaika kumfuata. Afisa akaweka kalamu chini. Akasema babu zake walikuwa watumwa, na rais huyo anamjua vizuri. Moyoni nikaona ndege imeshaondoka bila sisi.

Lakini hakupandisha sauti. Alimwambia baba akae, kwamba hapa hasifiwi mtu. Aeleze habari zake mwenyewe, alitokaje kwao Bukavu.

Baba akakaa. Sifa alizozipanga zilikuwa zimekwisha, na habari zake hakuwa amezipanga kabisa. Hata mimi hakuwahi kunipa. Hasira yangu yote ikageuka huruma. Mama akafumba macho.

"Huyu si wa kwanza," baba akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Kulikuwaka mutoto mwanaume mbele yake. Tulimuacha mu njia, alikuwaka anapumua bado."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka ambao yule Mmarekani alimtoroka bosi wake niliujua kwa kichwa. Kwamba nilikuwa na kaka, ndiyo kwanza nasikia.