Dobi alitoka kazini, simu yake haikutoka

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa chuma wa chumba cha kufulia unasukumwa kwa goti, kwa kuwa mikono ya anayeingia imejaa mashuka. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mmoja anayabwaga sakafuni, anavaa glovu zinazofika viwikoni na kuanza kuyachambua: yenye damu huku, yenye dawa kule, ya wodi ya watoto peke yake. Kila shuka analikung'uta kabla halijaingia mashineni. La tatu linadondosha mkasi.

"Hawa madaktari," anasema akiuokota, "siku moja watatuletea na mgonjwa mwenyewe humu ndani."

Hapa hospitalini jina lake wamelisahau. Wanamwita Mama Shuka, naye anaitika. Ni mwepesi wa kucheka, ila ukimtajia programu ya zamu uso unabadilika, na si yote yanayomtoka yanayoweza kuchapishwa gazetini.

Ana haki ya kukasirika. Msomaji akimaliza habari hii asikasirike pamoja naye, basi kosa ni la mwandishi.

Madobi wa hapa wana desturi yao. Zamu ikiisha, dobi huigeuza aproni ndani nje na kuitundika msumarini. Akishafanya hivyo, hakuna wa kumwambia neno la kazi, hata muuguzi mkuu aje na furushi la foronya mkononi.

"Aproni ikishageuzwa, umetoka," anaeleza Mama Shuka. "Hata hospitali iwake moto, utakuja kuzima kama jirani, siyo kama dobi."

Mwaka jana ofisa utumishi aliwakusanya akawaambia daftari la mahudhurio limekwisha kazi. Kila mmoja aweke programu kwenye simu yake mwenyewe. Kuingia, kutoka, kubadilishana zamu, yote humo. Na uzuri wake, akasema, ni ya bure.

"Hilo neno bure alilitamka kama anatugawia sukari," anakumbuka. "Tukapiga makofi, wajinga sisi."

Hawakuulizwa kama wanaitaka. Afadhali hata kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana mnunuzi angalau anajua kuna mbuzi.

Tangu hapo, kila jioni Mama Shuka aligeuza aproni yake, kisha akabonyeza kitufe cha "Toka kazini". Skrini ikamwandikia: Asante, umetoka kazini.

"Mimi nikaamini. Kwangu kile kitufe kilikuwa ni aproni nyingine. Mtu mzima akikuambia umetoka, utamuuliza tena?"

Hakuwa ametoka. Programu iliendelea kumfuata sokoni, kanisani, nyumbani na, kwa bahati mbaya kuliko zote, kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo ni kitinda mimba, aliyekulia mgongoni mwa Mama Shuka baada ya mama yao kufariki. Aliolewa na mtunza stoo wa hospitali hiihii. Mume alikuwa akimpiga. Alipomvunja taya, Mama Shuka alimtorosha, akampangia chumba upande wa pili wa mji na kufunga mdomo. Hata watoto wake mwenyewe hakuwaambia. Kila Jumapili alikwenda kumwona, leo kwa njia hii, kesho kwa ile.

Kazini alikutana na shemeji yake kila alipokwenda stoo kuchukua sabuni.

"Ananiuliza, 'Shemeji, mdogo wako yuko wapi?' Namjibu, 'Ungemtunza ungejua.' Nachukua sabuni yangu naondoka."

Baadaye mwanamume huyo akaacha kuuliza. Mama Shuka alidhani amekata tamaa. Kumbe ndani ya programu kulikuwa na ukurasa uitwao "Wenzangu", ramani inayoonyesha picha ya kila mfanyakazi pale alipo saa hiyo, ili anayetaka kubadilishana zamu amwone aliye karibu. Jumapili baada ya Jumapili, picha ya Mama Shuka akitabasamu ilitokea mtaa uleule. Shemeji alikuwa na programu hiyohiyo simuni. Siku moja aliifuata picha, akasubiri ng'ambo ya barabara mpaka Mama Shuka aondoke, kisha akaingia.

Majirani walivunja mlango. Mdogo wake alifikishwa hospitali hii akiwa na mkono uliovunjika mara mbili na sikio ambalo mpaka leo halisikii.

"Mashuka yake nilifua mimi," anasema Mama Shuka. "Nilikataa mtu mwingine asiyaguse."

Anafunga mlango wa mashine, anabonyeza. Maji yanaanza kuingia.

"Mimi ndiye niliyempeleka. Nilimtia shemeji mfukoni, nikapanda naye basi, nikamfikisha mpaka mlangoni. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikadhani wanasema chawa."

Kwa nini programu ya mahudhurio imfuate mtu Jumapili? Kijana mmoja aliyekuwa akiisambaza maofisini kabla ya kuacha kazi hiyo kwa hasira anajibu bila kuzunguka.

"Hospitali haikuwa mteja wetu. Wateja walikuwa wakopeshaji, kampuni za bima, watu wa matangazo. Wanataka kujua mtu analala wapi, ananunua wapi, anatibiwa wapi. Mtu akiwa kazini yuko kazini tu, hana faida. Pesa ilianzia pale anapotoka."

Soma tena maneno hayo. Haikuwa hitilafu wala mtu kusahau kuzima kitu. Jumapili ya Mama Shuka ndiyo iliyokuwa bidhaa.

Kijana huyo anasema lilikuwapo toleo jingine, linalonyamaza zamu inapoisha. Hilo lilikuwa la kulipia, bei ya chupa moja ya soda kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Hospitali ilipewa nafasi ya kulinunua ikakataa.

"Bajeti haikuruhusu," anasema ofisa utumishi, ofisini mwake mwenye kiyoyozi. "Halafu kila mmoja alikubali masharti mwenyewe."

Yeye aliyasoma masharti hayo?

"Nani anasoma mambo yale?"

Kampuni yenyewe ilijibu maswali ya gazeti hili kwa mistari miwili, ikisema inathamini sana faragha ya watumiaji wake. Uungwana ni vitendo.

Mtunza stoo amesimamishwa kazi kupisha kesi, kwa mshahara kamili. Yuko nje kwa dhamana, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa kwenye programu. Mdogo wake akiwa bado wodini, Mama Shuka alifungua "Wenzangu" kutafuta wa kubadilishana naye zamu, akaona picha ya shemeji yake. Ilikuwa kwenye barabara ya nyuma ya wodi ya wanawake.

Hapo ndipo alipojua mdogo wake alipatikana vipi. Aliwaita walinzi, kisha akaifuta programu palepale.

Tangu siku hiyo, kwa hesabu ya programu, Mama Shuka hajawahi kufika kazini. Theluthi ya mshahara wake inakatwa kila mwezi kwa utoro, naye amesimama hapa, jasho likimtiririka, akiwanyooshea mashuka wanaomwita mtoro. Wiki ijayo ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Madobi wenzake wanne nao wameifuta, na wote watano watakwenda pamoja na mwanasheria wa chama cha wafanyakazi.

"Nitawauliza swali moja tu: haya mashuka mnayowatandikia wagonjwa, anafua jini? Sitaki fidia. Nataka wakiandika nimetoka, niwe nimetoka. Kwa kila mtu, hata yule wa kufagia."

Mdogo wake ameondoka hospitalini, chini ya uangalizi wa watu wanaowahifadhi wanawake kama yeye. Kokote aliko, dada yake hakujui. Siku ya kuagana alimkumbatia akataka kumnong'oneza anakopelekwa, Mama Shuka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nimemlea mimi yule. Nilikuwa namtafunia chakula. Leo natakiwa nisijue anapolala."

Wanaongea kwa simu za kuazima, na huulizana habari za afya tu. Juzi mdogo wake alijisahau. "Dada, huku kuna baridi, na karibu na nyumba kuna..." Mama Shuka akakata simu.

"Nililia, sikufichi. Lakini simu ndiyo iliyoniuza. Hata hii ya kuazima, nitajuaje kama haiuzi?"

Anapangusa uso kwa bega, maana glovu zimelowa.

"Nikishinda kwenye kamati, na simu zetu zikinyamaza tukitoka, nitamtafuta anipigie tena. Aniambie anakokaa, nimsikilize mpaka amalize, nisiogope kujua."