Mama ameacha dawa za presha, eti ameshapona

Leo nimebishana na mchungaji mbele ya mama yangu, nikashindwa.

Nilipanda milimani Usangi kumjulia hali mama, nikakuta ameacha dawa za presha. Mchungaji wake mpya kamwambia amepona. Naye mchungaji alikuwepo, anakunywa chai.

"Mchungaji, umejuaje amepona?"
"Mungu kaniambia."
"Tutajuaje kuwa ni Mungu?"
"Mimi mtumishi wake, sisemi uongo."
"Na nani kasema wewe ni mtumishi wake?"
"Mungu mwenyewe kaniambia."

Jamani! Si tumerudi palepale?

Nikasema basi twende zahanati tukapime. Mama akanikazia macho.
"Mwanangu, kupima ni kukosa imani."

Mungu namwamini hata mimi, ila nataka mama anywe dawa.

Mliokutwa na haya, mlimwambiaje mzazi akawasikia?